Mama Rudia na Somo la Kusema "Sijaelewa"

Saa mbili asubuhi, wanafunzi wakiwa bado wanapiga miayo, mhadhiri wa Kiingereza anaingia darasani akiwa amemshika mkono fundi wa lifti. Fundi ni Mkorea. Lifti ya chuo imekwama tena, na mama huyu si mtu wa kuacha bahati impite.

"Wanangu, mgeni wetu atatueleza lifti ina tatizo gani," anasema. "Aliyeelewa anyooshe mkono."

Fundi anaeleza kwa Kiingereza cha haraka, mikono yake ikipanda na kushuka. Mkono mmoja unanyooshwa, nao ni wa kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

"Hata mimi sijaambulia kitu," anasema mhadhiri. "Sasa tufanyeje?"

Mwaka jana asingeuliza swali hilo hata kwa kulipwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini, somo lake la kusikiliza na kuzungumza liliendeshwa kwa kaseti. Bwana mmoja mwenye sauti ya mafua alisema sentensi, akanyamaza, darasa likairudia. Aliyerudia kwa matamshi mazuri alivuna alama. Aliyeuliza maana alipunguziwa. Wanafunzi wakambandika jina la Mama Rudia, naye akalipokea kwa bashasha akidhani anasifiwa.

"Niliwanoa wakanoleka," anasema akicheka. "Ila sikujua nawanoa wakakate nini."

Alikuja kujua baada ya binti wa kaka yake, aliyeongoza darasa hilohilo, kuajiriwa na kampuni inayopokea simu za wateja kutoka pande zote za dunia. Siku ya pili tu, mteja mmoja akapiga kulalamika kuwa friji lake limefika mlango umevunjika. Binti akavuta pumzi, akamrudishia malalamiko yake yote, neno kwa neno, kwa matamshi ya kupendeza. Mteja akafoka kwamba anafanyiwa mzaha. Binti akafoka vilevile, asiache hata neno moja.

"Mdomo ulikwenda wenyewe, Shangazi," alimweleza jioni ile, kazi ikiwa imeshaota mbawa.

Mume wa Mama Rudia, fundi umeme asiyependa maneno mengi, aliweka kikombe chini. "Kumbe miaka yote hii mlikuwa mnafuga kasuku kule chuoni," alisema, akacheka peke yake.

Lisemwalo halina miguu lakini hufika. Mkuu wa idara alipolisikia, alikata shauri: mwisho wa muhula kampuni ileile itawajaribu wanafunzi kwa simu. Wakishindwa, somo linafutwa, programu ya kompyuta inashika nafasi yake, na Mama Rudia anastaafu mapema.

"Kompyuta haikuniumiza," anasema. "Kilichoniuma ni yule mtoto. Nilimpa alama za juu kabisa, kisha nikampeleka akaaibike."

Ndipo kaseti ikaingia kabatini, na Mama Rudia akaanza kuwinda wageni. Amekwishamleta mhandisi wa barabara Mturuki, muuguzi Mfilipino, na Mbrazili muuza matairi aliyekuwa amepotea njia tu. Siku hizi darasani anayeuliza anapata alama, na anayetikisa kichwa ilhali hakuelewa anazikosa. Wiki ya kwanza wote walizikosa. Tangu utotoni walifundishwa kwamba kumwitikia mkubwa ndiyo adabu, hivyo walitikisa vichwa kama mijusi ukutani.

Leo msichana wa safu ya nyuma anajikaza. Anamuuliza fundi kwa Kiingereza kama kilichokwama ni mlango au ni kamba. Fundi anatabasamu. Ni mlango.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe ya jaribio. Wanafunzi wanaingia chumba cha simu mmojammoja, na Mama Rudia ametega sikio mlangoni mpaka mfagizi anamwomba apishe njia. Wa mwisho ni binti wa kaka yake, ambaye kampuni imekubali kumjaribu upya. Mteja wake, anayesikika kwenye spika, amekuja juu, anaongea bila kituo. Mama Rudia anafumba macho.

Kisha sauti ya binti inasikika. Binti anamwomba mteja radhi, anamwambia hakumwelewa, na anauliza kilichoharibika ni nini hasa. Mteja anashusha pumzi, anaeleza taratibu.

Wengi wamefaulu. Somo limepona, na binti amerudishwa kazini. Mama Rudia sasa ana mpango wake: likizo ijayo ataomba kiti katika kampuni ileile apokee simu, kwa kuwa katika maisha yake hajawahi kumhudumia mteja hata mmoja kwa Kiingereza.

"Shangazi, watakutukana," binti anamwonya. "Mimi siku ile nililia chooni mpaka zamu ikaisha."

Mama Rudia anamtazama. Hilo hakuwahi kuambiwa.

"Basi utanikalisha karibu yako," anasema. "Na nikikosea, mwanangu, unirekebishe kwa upole. Mimi sikukufanyia hivyo."