Mtoto wa Tatu kwenye Fomu

Mimi ni mwanaume mwenye wivu. Nasema hili mapema ili asije mtu akanitetea. Nilimwonea wivu fundi cherehani aliyempima mke wangu kiuno, nikamwonea wivu hata mchungaji kwa namna alivyomshika mkono mlangoni pa kanisa. Lakini wivu ninaouonea aibu mpaka leo ni wa karatasi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, mitumba imejaa soko la Tukuyu na kila mwenye pikapu anajiita mfanyabiashara. Tukaambiwa vitambulisho vya taifa vinakuja, kwa hiyo daftari la wakazi liandikwe upya, kaya kwa kaya, kwa fomu maalumu. Havikuja mwaka ule wala miaka mingi iliyofuata, ila fomu zilikuja haraka. Kijijini kwetu, Mpuguso, nilikuwa karani wa kupima majani ya chai na mwandiko wangu ulisifiwa, basi nikateuliwa kuandikisha. Karani wa pili alitoka Tukuyu mjini: kijana mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, sauti ya taratibu. Nilimchukia siku ya kwanza.

Kwenye mkutano wa kijiji, mwalimu mmoja mstaafu alisimama akiwa ameishika ile fomu.

"Hapa naulizwa nimezaa watoto wangapi na wangapi wamekufa," alisema. "Kitambulisho kinataka jina langu na sura yangu. Makaburi yangu ya nini? Katiba inalinda maisha yangu binafsi na unyumba wangu."

Watu wakaangua kicheko kwa hilo neno unyumba, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Mwenyekiti akajibu kwamba makarani wameapa kutunza siri. Kweli tulikuwa tumeapa, mikono juu. Mwalimu akauliza karani akitaka kuchungulia, nani atamzuia. Mwenyekiti akasema muda umekwenda, tufunge mkutano.

Karani hakuruhusiwa kuandikisha kaya yake, kwa hiyo mke wangu alikwenda meza ya yule kijana. Meza zetu zilikuwa barazani kwenye ofisi ya kijiji, hatua kama sita kati yazo, na mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati, husikii cha jirani. Wengine walimaliza upesi. Mke wangu alikaa mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Nilimwona akiinama na kusema kitu. Kijana akaweka kalamu chini, akamsikiliza tu. Kisha akaishika tena, akaandika polepole, na mke wangu akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Huyu ndiye mwanamke ambaye mimi nikimwuliza ana nini, hunijibu, "Sina kitu."

"Ugwe, we karani," bibi aliyekuwa mbele yangu akanigongea meza, "unaandika au unatazama wake za watu?"

"Namtazama wangu, bibi."

"Basi utamtazama nyumbani. Miguu inaniuma."

Fomu zilifungiwa kwenye sanduku la bati, na ufunguo nilikaa nao mimi kwa kuwa naishi karibu. Saa kumi, kijana alipoondoka na gari la Tukuyu, nilifungua. Nilijidanganya kwamba nakagua kama zimejazwa sawasawa. Nikaenda moja kwa moja kwenye ya mke wangu. Watoto uliozaa: watatu. Walio hai: wawili. Chini yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu: wa kiume, alifariki Kinyala akiwa na miezi minne. Mwaka ulioandikwa ulikuwa wa kabla sijamfahamu.

Sisi tulikuwa na watoto wawili.

Mtu angedhani wivu wangu ulimwendea baba wa yule mtoto. Ulimwendea kidogo, niliwapanga kichwani wanaume wote wa Kinyala niliowajua. Lakini ulioniunguza ni wivu wa yule kijana na kalamu yake. Miaka minane nimekula na mwanamke huyu, nimelala naye, nimemuuguza, naye akaenda kumpa mgeni wa siku moja kitu ambacho mimi sikuwahi kuonjeshwa.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu, jioni, alikuwa jikoni anamenya ndizi, nikasikia mdomo wangu unasema, "Na yule wa Kinyala, mlimpa jina la nani?"

Hakuuliza yupi. Aliweka kisu chini.

"Umesoma," akasema.

"Ni kazi yangu."

"Kazi yako ilikuwa meza ile nyingine, baba watoto."

Akaniambia, bila kulia, jambo ambalo kumbe nililihitaji kuliko jina la mwanaume yeyote. Yule mtoto hakubatizwa. Hakuwa na cheti. Juu ya kaburi lake wajomba walipanda chai. Kijana aliposema kwamba haya ni siri ya serikali, hayatatoka hapa, yeye akafikiri kumbe pako mahali mwanawe anaweza kuandikwa na asitukanwe.

"Na mimi?" nikauliza. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu nakujua."

Kesho yake asubuhi alikuja ofisini, akanipita, akasimama mbele ya kijana.

"Kaka, nilikosea. Watoto ni wawili. Futa."

Kijana akaniangalia. Nikatazama wino wangu. Akamwambia kwa upole kwamba si lazima, fomu haina kosa lolote.

"Futa, kaka."

Akachukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya watatu na mwingine juu ya yale maneno ya Kinyala. Akaandika wawili. Mke wangu akaweka saini pembeni. Lakini utaratibu ulidai kila sahihisho lisainiwe na makarani wote wawili, hivyo kijana alipomaliza yake aliinuka, akaniletea fomu mezani kwangu, na mke wangu akasimama hapo kusubiri.

Nikasaini.