Betri Niliyoianika Juani

Juzi sokoni Migwani niliona, kwenye rundo la vyuma kuukuu, gemu ya kuunganisha na TV kama ile baba alituletea kutoka Mombasa. Nikakumbuka harufu ya plastiki yake, na mlio wake mwembamba kama wa kifaranga.

Alasiri moja niliicheza peke yangu mpaka betri ya gari tuliyotumia kuwashia TV na redio ikaisha moto. Niliikokota nje nikaianika juani, vile tulikuwa tukianika mawe ya tochi yaliyoisha, nikiamini itapata nguvu.

Jioni mama alitaka kusikiliza matangazo ya vifo. Redio haikulia.

"Mwende, kwani betri haina moto?"

Nilishika ndoo nikaenda kuteka maji.

Jioni hiyo redioni walitangaza kifo cha dadake mama, aliyeolewa Ikutha. Betri ilikaa sokoni siku nyingi ikichajiwa, na habari ikatufikia baada ya mazishi.

Kila aliyemuuliza mbona hakuja kumzika dadake, mama alimjibu, "Betri yetu ilikuwa imezeeka." Alisema hivyo hadi akafa. Nami nilishukuru miaka yote nikidhani hakujua, kumbe betri sikuirudisha mimi; ni yeye aliyeitoa pale juani jioni ile, akaibeba ndani bila neno.