Wingu Lililosimama Juu ya Korogwe

Baba yangu analima mahindi na ufuta Kang'ata, wilayani Handeni, na kwa miaka mingi kazi yangu ilimpa tabu kuieleza. Aliwaambia watu kwamba niko uwanja wa ndege, Dar es Salaam. Wengine wakadhani nakagua mizigo, wengine wakamuuliza ni lini nitampandisha bure. Mimi ni mtabiri wa hali ya hewa. Nawaambia waongoza ndege kuna nini angani, hasa vile vitu ambavyo rubani hatakiwi kukutana navyo: radi, mvua ya mawe, upepo unaoshuka ghafla, barafu inayoganda kwenye mabawa.

Mchana mmoja wa masika nilikuwa zamu. Tangu asubuhi nilikuwa nalitilia shaka bonde la Korogwe. Nimekulia upande ule, nalijua joto la Handeni. Siku ambayo nyika inachemka na huku upepo wa baharini unaingia na unyevu wake, hewa hiyo ikifika kwenye milima ya Usambara haina pa kwenda ila juu.

Baada ya adhuhuri, kwenye picha za setilaiti, doa dogo jeupe juu ya Korogwe likaanza kuvimba. Kila picha mpya ilipokuja, lilikuwa limeongezeka. Nikaandika onyo na kulituma, kisha nikampigia simu mwongoza ndege aliyekuwa zamu, kwa sababu onyo la maandishi linaweza kumkuta mtu ana mambo mengi. Ni mtu wa maneno machache, na tumefanya kazi pamoja muda mrefu.

"Korogwe kuna wingu la radi," nikamwambia. "Linakua haraka. Mtu yeyote asilikaribie."

"Nina ndege ndogo ya abiria, inatoka Arusha kwenda Tanga," akasema. "Imeshapita Same. Rubani anaona giza mbele yake, anauliza azungukie wapi."

"Kaskazini hapana. Milima yote imefunikwa."

"Kusini je?"

"Nisubiri kidogo."

Picha niliyokuwa nayo ilionyesha kusini hakuna wingu, lakini ilikuwa ya muda uliopita, na wingu la namna ile halimngojei mtu. Nikapiga simu kituo cha hali ya hewa cha Handeni. Huko kuna dada mmoja mpimaji ambaye sauti yake naijua kama ya ndugu, ingawa hadi siku hiyo sikuwa nimewahi kumwona.

"Dada, naomba utoke nje uniangalizie," nikamwambia.

"Niko nje tayari," akajibu. "Upande wa Korogwe ni kweusi kabisa, na radi nazisikia. Hapa kwangu jua linawaka. Kusini, kule Kang'ata, kuna vijiwingu vyembamba tu, naona mbali vizuri."

"Na upepo?"

"Umegeuka sasa hivi. Unatoka Korogwe, na una ubaridi."

Ubaridi huo ndio uliokata shauri. Maana yake wingu lilikuwa limeanza kumwaga mvua, na hewa baridi iliyoshuka nayo ilikuwa inatambaa kuja Handeni. Kusini kulikuwa wazi, lakini si kwa muda mrefu. Nikarudi kwa mwongoza ndege.

"Apite kusini mwa Handeni, mbali kabisa na mji, juu ya Kang'ata. Aende mashariki mpaka Pangani, ndipo apande Tanga. Lakini ageuke sasa. Akichelewa, hata huko kutafungwa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akakata simu azungumze na rubani. Neno langu lilikuwa limeshatoka, na kulikuwa na watu ndani ya ndege ile. Niliendelea kulitazama lile wingu likitanuka kuelekea Handeni, kama nilivyosema litafanya, na moyoni naisukuma ndege itangulie. Hatimaye simu ikalia.

"Ametua Tanga," mwongoza ndege akasema. "Walitikisika kidogo tu." Kisha akaongeza, "Asante sana," na yeye si mtu wa kugawa asante.

Sikukuu ya Idi ilipokaribia nikaenda nyumbani. Baba alitaka kitambaa cha kanzu, tukaenda Chanika, pale Handeni mjini, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yetu imenunua kwake tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na ndege?"

"Nimekuja na basi, mama."

"Heri wewe. Mimi ndege imenitosha." Huku akipima kitambaa, akatusimulia jinsi alivyotoka kwa binti yake Arusha kwenda Tanga, wingu jeusi likasimama mbele kama ukuta, na rubani akawatangazia kwamba wanazunguka kusini. "Nikaviona vijiji vya huku kwetu chini, nikashangaa tunakwenda wapi."

Baba akainua kichwa. "Ni ile iliyopita juu ya shamba langu? Ndege hazipiti pale. Niliegemea jembe nikaitazama mpaka ikapotea."

Akanigeukia. Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Ni mimi niliyesema ipite pale."

Yule mama akaweka mkasi chini. "Kwa hiyo ulikuwa unatuona?"

"Nilikuwa naliona wingu, mama. Ndege alikuwa anaiona mwenzangu."

Alikuja mbele ya meza akanishika mikono yote miwili. Baba alisimama kando akiwa amenyooka kama mtu anayepigwa picha. Kisha akawaeleza wateja waliokuwa dukani, neno kwa neno na bila kukosea, binti yake anafanya kazi gani. Sijawahi kujisikia hivyo popote, hata siku nilipohitimu.

"Nilisaidiwa," nikasema. "Kuna dada hapa hapa mjini ndiye aliyenihakikishia kwamba kusini ni salama."

"Yuko wapi?" mama akauliza. Nilipomwambia, akajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, akamwachia mtu duka, tukapanda bajaji sisi watatu.

Tulimkuta mpimaji kwenye uwanja wa kituo chake, kati ya vyombo vyake, mwanamke mwembamba aliyejifunga ushungi wa bluu. Nikamwita nikijitambulisha. Akacheka kwa furaha, lakini akatuinulia kiganja.

"Karibuni sana. Naomba mnisubiri, saa ya kupima imefika."

Tukasimama nje ya uzio. Akasoma kipimajoto, akatazama upepo unatoka wapi, akageuza uso wake juu na kuikagua anga pole pole, pande zote. Akaingia ndani kutuma taarifa yake. Mama mwenye duka alimsubiri, ameikumbatia ile chupa ya chai.