Kikombe cha Mama Monga

Baridi ya Julai mjini Kamina haina adabu. Inaingia bila hodi, inajikalia vifuani mwa watu, na vumbi la kiangazi linaisaidia kazi. Asubuhi ile Bilonda aliposikia kwamba Mama Monga, jirani yake wa ng'ambo ya barabara, amekohoa mpaka sauti imekauka, hakuuliza mara mbili. Aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akayapuliza makaa mpaka yakawa mekundu, akateleka sufuria.

Tangawizi aliitwanga na maganda yake, maana kuimenya ni kutupa ukali wake. Mchaichai aliufunga fundo. Karafuu alitia chache tu, kinywa kisije kikafa ganzi. Ndimu na asali zilingoja sufuria iteremshwe kwanza. Yote hayo alifundishwa na Mama Monga mwenyewe.

Binti yake, Lise, alisimama mlangoni amejifunika kitenge, akilitazama sanduku la safari juu ya kabati.

"Mama, niteremushe valise?"

"Weye na valise yako!" Bilonda alijibu bila kugeuka. "Miye nilikuambia. Siku Mama Monga ataogopa mukono yangu, njo siku tutaenda. Mbele ya ile, hapana."

Maneno yalikuwa yameanza tena mtaani: watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi, hilo wasemaji hawakujisumbua kulieleza. Bilonda alizaliwa Kamina, baba yake, mtu wa Kasai, alikuwa karani wa reli, na Kasai hajawahi kuiona hata katika ndoto. Lakini sokoni, kwenye meza yake ya samaki wakavu wa Bukama, wateja wa siku zote walikuwa wameanza kupita wakitazama pembeni. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja. Bilonda aliujua msemo huo, na aliuchukia.

Alikwisha kuliona likija mara moja. Mwaka wa tisini na tatu alikuwa msichana, amelala juu ya mafurushi pale stesheni pamoja na watu wa Kasai wenzao waliofukuzwa, wakingojea treni isiyofika. Kifua kilimbana, homa ilimchoma. Ndipo mwanamke mmoja Mluba, mwenyeji wa hapohapo, mtoto mgongoni, akapenya katikati ya watu na birika la moto mkononi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wote walikuwa wameonywa kwamba watatiliwa sumu.

Huko Kamina, anayekupa kinywaji huonja kwanza, ili ujue hana ubaya nawe. Mwanamke yule alionja mbele ya macho yote. Hata hivyo mama yake Bilonda aligeuza uso. Bilonda alikunywa. Homa ilipozidi, mama yake akalia, akakubali mgonjwa apelekwe kwa mwanamke huyo asiyemjua, apone, aje kwa treni nyingine. Kabla ya treni hiyo nyingine kupatikana, mama alikuwa ameshafariki. Bilonda alibaki, akaolewa Kamina, akafiwa na mume Kamina, na kwa miaka mingi hakumsamehe mama yake kwa kule kugeuza uso.

Tangu wakati huo yeye na Mama Monga hawakuonjeana tena. "Kuonjeana ni ya bageni," Mama Monga alizoea kusema, akikwapua kikombe hata kabla hakijajaa.

Bilonda alimimina kinywaji kwenye thermos, akavuka barabara. Monga, yule mtoto wa mgongoni, sasa mwanaume mwenye pikipiki na maneno mengi juu ya watu wa Kasai kwenye vikao vya pombe, alikuwa uani akifuta kiti cha pikipiki yake.

"Jambo, mwanangu."

"Jambo, mama," alijibu, akaendelea kufuta. Kisha akaiwasha, akaondoka, moshi ukabaki uani.

Ndani, Mama Monga alikuwa ameegemea ukuta, blanketi mpaka kidevuni. Alikuwa amepungua, maskini, hata uso umekuwa mdogo kama wa mtoto.

"Kifua iko naniuma, Mama Lise. Sikulala."

"Nilikuletea dawa yako. Ni weye njo ulinifundisha."

Alimimina. Mvuke ulipanda, chumba kikanukia tangawizi. Akanyoosha kikombe kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

Mikono ya Mama Monga haikutoka chini ya blanketi.

Bilonda alidhani hana nguvu. Akasogea, akakisogeza mdomoni mwake. Mama Monga alikitazama kikombe, akautazama mlango, akashusha macho.

"Onja kwanza," alisema polepole. "Monga anatuangalia."

Bilonda aligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Pikipiki ilikuwa imekwenda, hata mlio wake hausikiki tena.

Alionja. Kilikuwa kitamu, na kilimchoma ulimi. Alimeza taratibu ili rafiki yake aone kinywaji kikishuka kooni, kisha akampa. Mama Monga alikunywa chote, machozi yakimtiririka, na huenda yalikuwa ya ukali wa tangawizi.

"Aksanti, Mama Lise. Iko muzuri sana."

"Upone, yaya," alimwambia, kama anavyoitwa dada mkubwa.

Alivuka barabara na thermos yake. Lise alikuwa bado mlangoni, akimsoma uso.

"Alikataa?"

"Alikunywa. Alimaliza yote."

Lise alishusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Bilonda aliweka thermos chini, akakaa kwenye kigoda kando ya mbabula iliyokuwa ikizimika. Alimkumbuka mama yake pale stesheni, uso umegeukia upande, na kwa mara ya kwanza hakumkasirikia. Woga ule haukuwa chuki. Lakini mtu hawezi kujenga nyumba juu ya woga.

"Lise," alisema, "teremusha ile valise. Tuone kama fermeture yake ingali inafunga."