Sabuni ya Padre

Mpaka leo, nikilala nyumba ya wageni nikakuta sabuni mpya ndani ya karatasi yake, sikimbilii kuifungua. Nainusa kwanza. Harufu ile ya maua, ambayo haifanani na ua lolote nililowahi kuliona, hunirudisha nyumbani kwetu milimani, upande wa Litumbandyosi, kwenye sanduku la bati la mama.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokwisha kufua kwa majani ya mpapai sabuni ilipoadimika, tuliona maduka yakijaa vitu mpaka tukadhani tunaota. Baba alipouza kahawa alipitia madukani Kitai, akarudi na kipande kimoja cha sabuni ya kunukia. Msidhani kilikuwa chetu. Kilikuwa cha Padre, cha kunawia mikono akija kutusomea misa, na kwenye kigango chetu, kanisa dogo lisilo na padre wake, alikuja kwa nadra, tena mvua ikinyesha haji kabisa. Sisi watoto tuliruhusiwa kunusa karatasi siku ya Jumapili, kwa zamu.

Mama alijifungua mwezi wa Machi, kabla ya siku zake, mchana wa mvua kubwa. Baba alikuwa ametoka kutafuta gari la kumpeleka hospitali, na barabara ilikuwa tope tupu. Tuliobaki na mama ni mimi na Bibi Otilia, mama yake mzazi, aliyekuja kumsaidia. Mtoto alitoka mdogo mno, midomo imebadilika rangi, kimya. Bibi alimsugua kwa khanga, akampulizia, mtoto akatoa kilio chembamba, kisha kikakatika.

“Lete maji safi,” Bibi aliniambia. “Na ile sabuni.”

“Ya Padre?”

“Padre yuko wapi?”

Nilifungua sanduku. Bibi aliichana karatasi bila hata kuiangalia, akanawa mpaka kwenye viwiko. Kisha akachota maji kwa kikombe cha bati, akayamimina kwenye kichwa cha mtoto, akatamka maneno niliyoyajua kutoka kanisani. Sikuwa nimewahi kuyasikia kwa sauti ya mwanamke. Jina alimpa la kwake, Otilia, kwa sababu baba alikuwa ameandaa jina la kiume tu, Batholomeo.

Otilia hakufa. Jioni baba aliporudi, amelowa chapachapa na gari hakupata, alimkuta ananyonya. Alicheka mpaka machozi.

Furaha yake haikudumu. Mzee Kasiani, mwenyekiti wa kigango, alikuja kutupa hongera, akasikia habari ya ule ubatizo, akaweka kikombe cha chai chini. “Mwanamke akibatiza, hayo ni maji tu,” alisema. Akaagiza Bibi asiongoze tena rozari ya jumuiya mpaka Padre aje.

Baba aliingiwa na hofu. Lakini kwetu mwanamume habishani na mama mkwe wake uso kwa uso, kwa hiyo mdomo wake nikawa mimi.

“Mwambie Bibi yako, mtoto tutambatiza upya.”

Bibi alikuwa hapo hapo uani, anapukuchua maharage. “Mwambie baba yako nimesikia,” alisema. “Na mwambie mtoto anaitwa Otilia.”

Mimi nilikuwa na hofu yangu. Otilia alikuwa bado dhaifu, kifua chake kikikoroma. Kama yale yalikuwa maji tu, akifa ataenda wapi? Sikuthubutu kumwuliza mtu. Nilikaa karibu naye nikisikiliza pumzi, nikimwombea Padre apate njia.

Mvua ilipopungua alikuja kwa pikipiki, kijana mdogo tu, matope mpaka magotini. Tulijaa uani. Kabla ya kuketi alimwendea Bibi. “Shikamoo, Bibi.” Mzee Kasiani akasimama, akaeleza shauri lote. Padre akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akamgeukia Bibi.

“Ulitumia nini, Bibi?”

“Maji, Baba.”

“Ukasemaje?”

Bibi aliyasema yote: kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

“Na ulikuwa unataka nini?”

“Nilitaka awe wa Mungu, hata kama hatakuwa wetu.”

“Basi huyu amebatizwa,” Padre alisema. “Mimi siwezi kumbatiza tena. Hata Baba Askofu hawezi. Nitampaka mafuta tu.”

Baba alishusha pumzi, sote tukaisikia. Akasahau desturi yote, akamtazama mama mkwe wake usoni: “Asante, Mama.” Mama alilia. Mimi nikakaa chini kwenye udongo na gauni langu la Jumapili, na siku ile hakuna aliyenigombeza.

Aibu ilinipata wakati wa Padre kunawa kabla ya misa. Bibi alikuwa akiitumia ile sabuni kila anapomshika mtoto, na sasa ilikuwa nyembamba kama kipande cha muhogo mkavu. Niliificha kiganjani. Padre aliichukua, akainusa. “Inanukia vizuri,” alisema, akanawa. Jioni ile Bibi aliongoza rozari, na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa Mzee Kasiani.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kama habari ya Padre aliyemwokoa Bibi. Nilipozaa wa kwangu ndipo nilipoelewa kwamba Padre hakumpa Bibi kitu. Alikuta kazi imekwisha fanyika, akasema tu kwamba imefanyika. Mchana ule wa mvua hapakuwa na mwingine wa kuifanya ila mwanamke mzee aliyekunja mikono ya blauzi, ambaye baadaye mama aliniambia kwamba hata yeye alikuwa akiogopa.

Otilia sasa ana watoto watatu na sauti ya kugombeza mtaa mzima. Nami, kila ninaposikia kanisani wakihubiri juu ya mkono wa Mungu, nauona umelowa mpaka kiwiko, unanukia sabuni ya Padre.