Kipande cha Pikipiki Ndani ya Nywele Zangu

Ninyi mliokua nami Nyamianda mtanishuhudia: enzi zetu pikipiki haikulala nzima. Ililala vipande vipande, kila kipande na mtoto wake, na mtoto aliyepoteza kipande chake alijuta kuzaliwa. Leo nikimwona kijana wa teksi ameegesha pikipiki yake kando ya barabara, redio inalia, taa zote zinawaka, naye amelala juu ya tangi mdomo wazi, natamani kwenda kuifungua nimfichie. Mume wangu huniambia, "Mama Amani, keti basi." Siwezi. Mimi ni mtu wa kusimama, kuzunguka, kuchungulia mlangoni, kisha kurudi. Nimeanza zamani.

Baba alikuwa muganga wa ng'ombe. Alitoka nyumbani na sanduku la chanjo, akapita Kavimvira, akafuata bonde la Ruzizi, akapanda Lemera na juu zaidi, kwa wafugaji wa milimani, huko ambako gari halijawahi kufika. Pikipiki yake haikuwa kama hizi za kubebea abiria, zenye kiti cha kulalia. Ilikuwa ya milimani hasa: nyembamba, yenye miguu mirefu, matairi yenye meno, na kiti kidogo kiasi kwamba Mama alipakiwa mara moja tu, akashuka akiapa kutorudia. Tuliiita Mbuzi kwa sababu ya kukwea mawe.

Kiangazi, maji ya mto yakipungua, Baba aliishusha mtoni kila Jumamosi kufanya mazoezi. Alipita juu ya mawe makubwa taratibu sana, amesimama, magoti yamekunjwa, bila kugusa chini. Watoto wa mtaa mzima tulijipanga ukingoni tukingoja kosa moja tu, tupige kelele: "Muguu!" Kisha nasi tukachukua baiskeli ya kuazima, tukapita juu ya mawe yaleyale, na aliyeweka mguu chini alimbeba mshindi mgongoni mpaka nyumbani. Mimi nilibebwa mara nyingi, lakini nilibeba zaidi.

Mazoezi yakiisha, kazi yenyewe ilianza uani. Vijana wa siku hizi injini ikikohoa kidogo wanampigia fundi simu, na fundi naye anasema, "Tubadilishe." Wanabadilisha kila kitu isipokuwa dereva! Sisi tulibadilisha nini, na kutoka wapi? Tangi likivuja, Baba alikanda kipande cha sabuni ya kufulia akakisukumiza ndani ya ufa, na esanse ikakoma kudondoka. Karatasi ya kuzibia mafuta kati ya vyuma ilikatwa kwenye jalada la daftari langu la hesabu, ndiyo maana nilifika shuleni na daftari uchi, nikachapwa. Sponji ya kuchuja hewa ilipooza, Baba alikata pembe ya godoro letu, akailowesha mafuta ya mawese kwa kuwa hakukuwa na mengine. Mbuzi ikipata joto, mtaa mzima ulinukia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Majirani walikuwa wakiuliza leo tunapika nini.

Kazi yetu watoto ilikuwa spoku. Tulizunguka gurudumu tukigonga kila waya kwa kijiko: uliokazwa uliimba, uliolegea ulinyamaza. Mama aliangalia kucha zangu, akashika kiuno. "Mutoto mwanamuke na grisi mu kucha, nani atamuoa?" Baba akajibu bila kuinua kichwa, "Mwenye piki mbovu." Na kweli, ndiye aliyenioa.

Lakini kilichotufundisha ufundi hasa kilikuwa woga. Miaka ile wenye bunduki hawa walitoka, wengine wakaingia, na wote walipenda pikipiki. Pikipiki inayowaka ilichukuliwa. Iliyofunguliwa ni chuma tu, hakuna anayeitaka. Kwa hiyo Baba alipotoka mlimani hakuomba hata maji. Alichukua kle, ile spana namba kumi, akaanza kufungua, nasi tumemzunguka. Kaka yangu Bahati alipewa kabureta, akaificha chini ya kuku anayelalia mayai. Mdogo wangu Neema alipewa buji, plagi inayotoa cheche, akaishonea tumboni mwa mwanasesere wake wa vitambaa. Mama alizamisha cheni ndani ya dumu la mawese, na tulikula mawese hayohayo, hakuna aliyekufa. Mwili uliobaki uliwekwa karibu na ukuta, nguo zikaanikwa juu yake.

Mimi nilipewa jikleri. Ni kile kijichuma cha shaba kilicho ndani ya kabureta, kidogo kuliko punje ya hindi, chenye kitundu kinachopima esanse. Bila hicho injini haiwaki. Mama alikisukia ndani ya nywele zangu, kwenye mstari wa katikati, na nilikwenda nacho shule, kanisani, ziwani kuteka maji. Sikuruka kamba siku hizo. Nilijigusa kichwa kila baada ya dakika mbili, mpaka mwalimu akaniuliza kama nina chawa. Bahati alishavunja mayai, Neema alishamsahau mwanasesere kwa jirani. Mimi sikukipoteza changu hata siku moja. Baba aliwaambia wageni, "Huyu Furaha wangu, ukimupa kitu, umekiweka mu benki." Nilikuwa na miaka kumi, na sifa ile ilininenepesha kuliko bugali.

Walikuja alasiri, wanne. Mtu alikuwa amewaambia kwamba muganga wa ng'ombe ana pikipiki. Baba akawaonyesha ule mwili wenye nguo. "Ilishakufa zamani," akasema. Mkubwa wao akacheka.

"Muzee, unatuona wajinga? Jana tulikuona Kavimvira. Unganisha. Tutangoja."

Wakakalia vigoda vyetu, wakaomba maji, na Mama akawapa. Baba akaanza kutuita mmoja mmoja. Bahati alileta kabureta yenye mavi ya kuku. Neema alipasua tumbo la mwanasesere huku analia. Mama alitoa cheni, mawese yakamchirizika mpaka kwenye kiwiko. Kisha Baba akanigeukia.

"Na jikleri? Furaha, weye, iko wapi?" Akaniangalia kwa muda mrefu, akaongeza polepole, "Ao uliipoteza?"

Nilikasirika. Mimi nipoteze? Mbele ya wageni?

"Hapana, Baba! Iko hapa!"

Nikapiga magoti mbele yake, nikainamisha kichwa. Mama alifumua ule mstari haraka mpaka akaninyofoa nywele. Nilishika kile kijichuma kwa vidole viwili nikampa Baba. Yule mkubwa akasema, "Huyu mutoto iko na akili." Na mimi, aibu yangu, nilitabasamu.

Baba aliunganisha kila kitu vizuri kama kawaida yake. Mbuzi iliwaka kwa teke la pili. Wawili wakapanda, wawili wakafuata kwa miguu, na harufu ya sombe ikabaki uani.

Tulipoketi kula, Bahati akaniambia, "Si ungesema tu umepoteza? Nani angetafuta mu nywele?" Ndipo nikaelewa swali la Baba. Alikuwa amenifungulia mlango, nami nikaufunga kwa kiburi changu. Nilimtazama aseme lolote. Alisema, "Kuleni," basi.

Baada ya hapo alikwenda milimani kwa miguu, sanduku begani, siku mbili za kupanda na siku mbili za kushuka, miaka na miaka. Hakupata pikipiki nyingine. Kila alipokuwa huko sikuweza kukaa mahali. Nilitoka mlangoni, nikarudi, nikatoka tena, na Mama alidhani ni minyoo, akaninywesha dawa. Akirudi nilimwosha miguu, nikahesabu malengelenge, kila moja nikaliandika kuwa deni langu.

Nimeishi na swali lile mpaka nimezaa. Wiki chache zilizopita nilikwenda kumwona. Alikuwa ameketi uani, magoti yamevimba, anamenya karanga za kuchemsha. Nikazunguka uani mara tatu, nikapanga viatu, nikafagia palipofagiwa, mpaka mwenyewe akasema, "Sema basi, unanizungusha kichwa." Nikauliza.

"Baba, siku ile walichukua Mbuzi, ulitaka niseme imepotea?"

Hakuuliza siku ipi. "Ndiyo," akasema. "Nilitaka."

Nikaanza kuomba msamaha kwa maneno niliyoyapanga tangu nikiwa na miaka kumi. Akanikatiza kwa mkono wenye ganda la karanga.

"Ngoja. Weye hukuona kijana mumoja, ule wa karibu na mulango? Nilipoisha kukuuliza tu, akageuka kukuangalia. Bunduki iko ku magoti yake. Na neno lilishatoka, sikuweza kulirudisha. Nikajua ukisema imepotea, atakudai hiyo jikleri kwa nguvu, na minye ndiye nimekuuza. Ulipoinamisha kichwa, nilimshukuru Mungu. Minye silali vizuri mpaka leo, mutoto wangu. Si juu ya piki. Ni juu ya lile swali."

Kumbe miaka yote hiyo tumekosa usingizi nyumba mbili tofauti, mimi kwa jibu, yeye kwa swali. Nililia pale kama mtoto, na yeye akaendelea kumenya karanga, akiniwekea mkononi moja moja, mpaka nikanyamaza.

Sasa tuseme ukweli, enzi zetu zilikuwa na utamu wake. Mtoto wa miaka kumi alijua kusafisha kabureta na kusikiliza spoku. Amani wangu ana miaka kumi na hajui tofauti ya kle na mwiko. Mwaka huu amepoteza sweta mbili, kalamu nisizozijua idadi, na kiatu cha kushoto. Cha kushoto tu! Nikimwuliza kiko wapi, anajibu, "Kilipotea, Mama," halafu anaendelea kula ndagala zake kwa amani ya jina lake. Zamani ningemchapa kwa raha.

Na mji wetu haujatulia. Wiki iliyopita maneno mabaya ya wenye bunduki yalikuja tena, mume wangu akaingiza pikipiki yake uani, nami nikachukua kle, tukaanza kufungua. Nilipofikia jikleri nikamwona Amani amesimama pembeni, macho yamemtoka, kiganja amekinyoosha.

"Mama, minye nitunze kipande gani?"

Nikamwambia aende kucheza.