Kitambaa cha Kichwa

Juzi nilisimama kwenye ua mmoja wa Magarama, hapa Gitega, kuangalia filamu ikipigwa. Mwongozaji ni mwanamke wa kwetu aliyerudi kutoka Ulaya baada ya amani kupatikana. Kule alikuwa akiigiza filamu za ngono. Mtaa mzima unajua, ingawa hakuna anayesema alijuaje.

Mwigizaji wake ni mama mkulima wa Mwakiro, Muyinga, aliyekulia Tanzania. Anaigiza mzazi anayempokea binti aliyerejea. Alitakiwa afungue kitambaa chake cha kichwa, amfute binti vumbi usoni.

Mwongozaji akamwambia, "Mama, mi naweza kukuomba ukitoe? Ukikataa iko sawa, tunaacha."

"Nimeshakubali, binti yangu."

Mwongozaji akainua mkono kuashiria waanze, kisha akaushusha. "Mama, bado unakubali?"

Mama akamtazama. "Mwanangu, hiki ni kitambaa tu. Kwani wewe kule hawakukuuliza?"

Mwongozaji akainama kurekebisha waya ambao haukuwa na shida. Mama akafungua kitambaa, akamfuta mwongozaji machozi.

Kamera haikuwa imewashwa. Nilisikitika kwamba picha nzuri kama ile imepotea. Kisha nikajiambia, huyu ameshapigwa picha za kutosha.